Mtoto Asiyeamkia Wazee

Mjukuu wangu, wewe umeijua Mbinga ikiwa na lami inayoteremka hadi Mbamba Bay, na ukiambiwa kwamba Nyasa ilikuwa sehemu tu ya Wilaya ya Mbinga mpaka ilipopewa wilaya yake mwaka 2012 unaona ni habari za kale. Sisi tuliteremka kwa malori. Lori lilitoka Mbinga alfajiri limebeba mafuta ya taa, magunia ya chumvi na watu juu yake, likaishuka milima ya Umatengo kwa gia ya kwanza, utingo akining'inia nyuma na gogo mkononi, tayari kulisukumia chini ya gurudumu. Kule juu, msimu wa mavuno, pua ilijaa harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha nyuma ya nyumba, na kila ulikotazama uliona ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo wameyapanga kwenye miteremko kwa vizazi na vizazi. Ukizidi kushuka joto linakupokea, mibuyu inaanza, miembe inaanza, halafu inakufikia harufu ya usipa ulioanikwa mchangani, unajua umefika.

Nilipangiwa shule moja ya kijiji kati ya Liuli na Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Nilikuwa kijana, mwalimu wa Daraja la Tatu A, mshahara haujatimia shilingi elfu moja kwa mwezi, na kuupata kwenyewe ni mpaka usafiri. Ilikuwa miaka ya shida baada ya vita vya Kagera: sukari kwa mgawo, sabuni haionekani, nguo tunafulia majani ya mpapai mpaka mashati meupe yakawa na rangi ya kijani iliyopauka. Samaki hatukukosa. Fungu la usipa lililotosha kitoweo cha walimu watatu lilikuwa shilingi tano, na mbasa mkubwa wa kuchoma, mafuta yakidondoka motoni, ungempata kwa ishirini ukiwahi mitumbwi asubuhi. Nakutajia bei hizi kwa makusudi, maana mbele kuna bei nyingine, nawe utaipima kwa hizi.

Shule ilikuwa imefurika. Elimu ya Msingi kwa Wote, tuliyoizoea kwa jina la UPE, ilianza mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshasema kila mtoto asome, na watoto walikuja wengi kuliko madawati. Darasa la tano nililokabidhiwa lilikuwa na zaidi ya sitini. Wafupi walikaa mbele juu ya matofali, warefu nyuma, na hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kila shule niliyoijua. Ubao tuliupaka wenyewe: tulivunja betri kuukuu za redio, tukatoa mkaa wake, tukautwanga pamoja na majani ya viazi, wanafunzi wakausugua ukutani mpaka mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko. Kwa wiki moja ubao unang'aa, baada ya hapo unapauka, na chaki tuliyogawiana kwa vipande inaandika kijivu juu ya kijivu. Hata mwenye macho mazima, akikaa nyuma, ilimbidi ayakaze.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, alikaa binti mmoja mrefu, mjukuu wa mzee fundi wa nyavu. Jina lake sitalitaja kwa kuwa yupo, ni mtu mzima mwenye heshima zake. Alikuwa na sifa ambazo hazikupatana kabisa. Nyumbani kwao walimwona mtoto wa ajabu: alitia uzi kwenye sindano ya bibi yake hata jua likiwa limezama, alichambua mchele jiwe lisimpite, na tundu la wavu lililochanika alilifunga kwa mafundo madogo yaliyolingana mpaka babu akawa anawaonyesha wageni. Nje ya nyumba alijulikana kwa kiburi. Alipita mbele ya wazee waliokaa chini ya mwembe asiseme shikamoo. Aliitwa kwa mkono kutoka ng'ambo ya njia asije. Mama mmoja alimpungia pale wanapochotea maji, binti akaelekeza uso kwake kisha akaendelea na ndoo yake, na habari hiyo ilikizunguka kijiji kizima kabla ya jioni. Unajua mwenyewe kwetu mtoto asiyeamkia anasemwaje. Hasemwi peke yake, anasemwa na mama aliyemzaa. Shuleni nako alipewa jina lake, mwizi, kwa sababu kila zoezi alilinakili kutoka kwenye daftari la jirani, na mwalimu mwenzangu mmoja alimcharaza kwa hilo zaidi ya mara moja. Kunakili kwenyewe alinakili vizuri, mwandiko mdogo uliosimama wima, pua ikikaribia kugusa karatasi.

Wala usidhani kijiji kilikuwa hakijui maradhi ya macho. Kiliyajua mno. Surua iliwaachia watoto makovu meupe machoni, vikope viliwatesa wazee, na sehemu nyingine za mkoa wetu wa Ruvuma, kwenye mito yenye maji ya kasi, usubi uliwapofusha watu wazima wenye nguvu zao. Lakini jicho bovu, kwa fikra za wakati ule, lilikuwa jicho jekundu, linalouma, lenye tongotongo, au lililoingiwa na ukungu wa uzee. Hayo yalikuwa na dawa zake, majani yaliyokamuliwa ambayo mara nyingine yalilimaliza jicho ambalo lingepona lenyewe. Jicho jeupe, zuri, lisilouma, nani angelipeleka hospitali? Na mtoto mwenyewe hawezi kukueleza. Tangu alipopata akili watu wa mbali wamekuwa vivuli visivyo na nyuso, naye anaamini kwamba kila mtu anawaona hivyo.

Basi ikawa mwaka 1984. Waziri Mkuu Sokoine alikuwa amefariki Aprili, na redio ya mwalimu mkuu ilikuwa bado inarudia habari zake. Mwera ulikuwa umeanza kuvuma, ule upepo wa kusini unaowaweka wavuvi nchi kavu siku kadhaa mfululizo wakishona nyavu na kubishana. Ndipo Land Rover ya hospitali moja ya misheni iliposhuka na mganga wa macho, mtu mfupi wa makamo, mwenye sauti ya chini na harufu ya spiriti mikononi, pamoja na sista mmoja aliyeshika daftari. Walikuwa wanapita shule kwa shule. Vifaa vyao vyote vilitosha kwenye sanduku moja la mbao: chati, tochi, vipande vya kadi, na kisanduku cha lenzi za majaribio zilizopangwa kwa safu, kila lenzi na kishikio chake kidogo cha chuma.

Alipima mita 6 kwa kamba, akaweka alama ya jivu mchangani. Chati ikafungwa kwenye shina la mwembe, mwera ukawa unaichezea, ikabidi tuipigilie ubao kwa nyuma na mvulana mmoja aishike chini. Chati za namna hiyo zilianzishwa na Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862. Ila hii yetu haikuhitaji mtu ajue kusoma. Ilikuwa na herufi E tupu, kubwa juu na ndogo kadiri unavyoshuka, ikielekea kulia, kushoto, juu au chini. Mtoto anaziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha anaonyesha kwa vidole vitatu miguu ya E imeelekea wapi. Anayekwamia mistari ya juu anatengwa. Wakiandika 6/60, maana yake mtoto anakiona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 60. Asubuhi haijafika nusu watoto walikuwa wamekwisha kuikariri chati. Ukisimama karibu na foleni unawasikia wakinong'onezana, kulia, juu, juu, kushoto. Mganga hakugombeza. Alitoa kadi yenye E moja peke yake, akawa anaizungusha mgongoni mwake kabla ya kuionyesha, na kukariri kukaishia hapo.

Zamu ya yule binti ilipofika aliiona E ya juu, mstari wa pili akabahatisha, wa tatu akanyamaza, watoto wakacheka. Mganga akampa kadi iliyotobolewa tundu dogo la ncha ya sindano, achungulie nalo. Akashuka mistari kadhaa. Ni jambo rahisi ambalo nataka ulishike: tundu dogo linapitisha mwanga wa katikati tu na kuuzuia ule unaotawanyika, kwa hiyo jicho ambalo kosa lake ni kulenga tu linaona vizuri zaidi papo hapo, ilhali jicho lenye kovu au mtoto wa jicho halipati nafuu ya maana. Kwa kipande cha kadi unamjua anayehitaji miwani na anayehitaji daktari. Mganga akanigeukia akasema, "Huyu jicho lake ni refu, mwalimu." Akanifafanulia kwamba jicho likirefuka kutoka mbele kwenda nyuma kupita kiasi, picha ya kitu cha mbali inakamilika kabla haijafika kwenye ule utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na inapofika imeshatawanyika. Cha karibu hakimsumbui. Ndiyo maana sindano na nyavu alizimudu. Lenzi ya kumsaidia ni nyembamba katikati na nene pembeni, na ukiiinua mkononi ukatazama maandishi kupitia kwake utayaona yamepungua ukubwa.

Akamvalisha fremu ya majaribio, nzito, ya duara, akaanza kuchomeka lenzi, akitoa hii na kutia ile, kila mara akiuliza ipi bora. Sura ya binti ilianza kulegea kwenye paji la uso. Ile mikunjo niliyodhani ni ya ukaidi ilikuwa ni ya kukaza macho tu. Alipoinua kichwa, mwenyekiti wa kijiji alikuwa anakuja kutoka upande wa ziwa, bado yuko mbali, kofia mkononi kwa ajili ya upepo. Binti akapaza sauti mbele ya watu wote: "Shikamoo, babu!" Mwenyekiti hakusikia, mwera ulimnyang'anya. Waliosikia ni wazee wa chini ya mwembe, waliokuja kutazama kazi ya wageni, walewale waliomsema. Mmoja aliyekuwa anatafuna tumbaku aliacha kutafuna. Kisha mganga akaivua fremu, akazirudisha lenzi kwenye nafasi zake sandukuni, akaandika karatasi.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, mjukuu wangu. Kumgundua mtoto kulichukua dakika chache na kamba. Miwani ilitengenezwa mbali, na bei iliyotajwa ilikuwa shilingi mia nne. Rudi kwenye usipa niliokutajia: ni mafungu themanini, kwa ajili ya mtoto wa kike ambaye haumwi popote. Bibi yake alikuwa na hofu nyingine, kwamba miwani inayamaliza macho, kwa kuwa kila aliyeivaa aliyemjua yeye alikuwa mzee na hakupona. Sista alikuja na kasha la miwani kuukuu zilizotolewa sadaka Ulaya, watoto waliotengwa wakazijaribu moja baada ya nyingine mpaka kasha likaisha. Nyingi zilikuwa za wazee kusomea, ambazo kwa mtoto mwenye jicho refu huzidisha ukungu. Mvulana mmoja alipata iliyokaribiana na kipimo chake, fremu ya kike yenye ncha zilizopinda juu. Aliivaa mpaka nyumbani, kesho yake akaja bila. Tangu hapo siamini miwani ya kubahatisha, na wataalamu wa leo wanasema hivyohivyo: afadhali fremu mpya ya bei nafuu, kwa kipimo cha mtoto mwenyewe.

La bure lililowezekana siku ileile lilikuwa dawati. Nilimhamishia mbele, pembeni kabisa kwenye ukuta, ili urefu wake usiwazibe wafupi, na nikawa nayasoma kwa sauti yote niliyoyaandika ubaoni. Kunakili kwa jirani kukakoma bila kiboko. Miwani yenyewe ilichelewa. Mjomba wake aliyekuwa na mibuni huko Umatengo alingoja malipo ya pili ya kahawa, babu akauza wavu mpya, karatasi ikasafiri, na fremu ikarudi baada ya mvua nyingine, imefungwa kwenye pamba na gazeti. Wavulana wakamwita bibi kizee. Kwa muda mrefu aliivaa darasani na kuivua njiani, mpaka alipochoka kusemwa kiburi kuliko kusemwa kizee. Mkono wa fremu ulipokatika babu aliufunga kwa uzi wa nyavu, fundo dogo lile la kwao, na ukadumu. Wazee wa mwembeni hawakumwomba radhi, wazee wetu hawamwombi mtoto radhi. Ila yule mtafuna tumbaku alituma mbasa mzima nyumbani kwao, bila salamu wala maelezo, na kila mtu alielewa.

Mtihani wa darasa la saba aliufanya vizuri. Hakuchaguliwa. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno miaka ile, na aliyefaulu hakuwa lazima aliyechaguliwa. Baadaye akawa mtunza hesabu wa chama cha msingi cha ushirika, kazi ya tarakimu ndogo kwenye madaftari makubwa, na hakuna mkulima aliyewahi kumlalamikia kilo. Wengine waliotengwa siku ile, wengi wao karatasi zilichomekwa kwenye nyasi za paa zikaliwa na mchwa. Yule mvulana wa fremu ya kike ni mvuvi hadi leo. Ni hodari, anaijua njia ya majini kwa upepo na kwa sauti, lakini anayetazama mitumbwi ya wengine kwa niaba yake ni mwanawe.

Nilipokuwa mratibu elimu kata ndipo nilipokuja kusoma kwamba yaliyotupata sisi yamewapata wengi. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,500 jijini Mwanza: kama 6 katika kila 100 walikuwa na kasoro ya kuona inayotaka miwani, karibu wote kwa kutoona mbali, na miongoni mwao waliovaa miwani ni 3 katika kila 10. Baadaye, mwaka 2008, yakatolewa matokeo ya jaribio la shule za sekondari za Dar es Salaam. Wengine walipewa miwani bure, wengine karatasi ya kwenda kununulia. Baada ya miezi 3, waliokuwa wanaitumia ni asilimia 47 ya waliopewa, na asilimia 26 ya wale wa karatasi. Iangalie namba ya kwanza pia, maana hata waliopewa bure hawakufika nusu. Wengine sababu yao ni ileile ya kuitwa bibi kizee. Wenzetu wa Trans Nzoia, Kenya, walitafuta dawa ya hilo: walimu walipima watoto kwa simu, mzazi akaonyeshwa picha ya namna mwanawe anavyoliona darasa, kisha akakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto 54 kati ya kila 100 walioelekezwa hospitali walifika, wakati kwa njia ya kawaida walifika 22. Ile picha kwa mzazi ndiyo iliyonigusa. Laiti bibi yule angeonyeshwa.

Huko Singapore na miji ya China vijana wengi mno wanamaliza shule wakiwa hawaoni mbali. Wataalamu wanalihusisha na saa nyingi za kusoma ndani na uchache wa mwanga wa nje, na Taiwan imezihimiza shule kuwatoa watoto nje saa 2 kila siku. Yapo makadirio ya mwaka 2016 kwamba ifikapo 2050 nusu ya watu duniani watakuwa hivyo. Mtoto wa mwambao wetu anashinda juani, na hilo linamkinga kwa kiasi fulani. Ila uchache wa wenye tatizo ndio unaowaponza. Wangekuwa nusu ya darasa, kila mwalimu angewatafuta. Wakiwa wachache, wanakuwa wajinga, wezi, wenye maringo.

Sasa na wewe umepata barua ya ajira, tena mwambao uleule. Usingoje gari la wapimaji. Mtazame anayesogea mbele akiruhusiwa, anayefinya macho, anayeandika vizuri anachosomewa na kukosea anachoandikiwa ubaoni. Wapimaji wakija, jina la mtoto lisiandikwe bila namba ya simu ya mzazi, na orodha ibaki kwako, si kwao tu, ili muhula unaofuata uulize mmoja mmoja: imepatikana, haijapatikana, inavaliwa, imevunjika. Macho ya mtoto yanakua pamoja naye, kipimo cha mwaka huu si cha mwaka kesho kutwa.

Yule mtunza hesabu yupo Mbamba Bay. Binti yake wa mwisho alipoanza kuinamia daftari, hakungoja shule imwambie. Alimpeleka Songea mwenyewe, akarudi na fremu mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba. Sasa kina mama wenzake wakiambiwa mtoto anahitaji miwani humwendea yeye kwanza, na wengi wanatoka kwake wameshakubali. Mwezi ujao ukiripoti, mpelekee salamu zangu kabla hujafungua begi, na mwombe aje shuleni siku ya kikao cha wazazi.